Saksafoni ya Mjomba Juu ya Dungu

Mlabani, Ifakara
13 Februari 1955

Kwa Mjomba Hermenegildi,

Nimefungua kasha lako. Lile la mbao lililo chini ya kitanda cha Bibi, ambalo mama alikataza tusiliguse. Sijamwambia mtu yeyote, hata Padri kwenye kitubio, kwa sababu sijui kama ni dhambi au ni utovu wa adabu tu. Nimeona nikuambie kwanza wewe mwenye mali.

Sasa naona nimeanza barua bila salamu. Nisamehe, Mjomba. Ningeanza na salamu ningekosa ujasiri kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Sisi sote wazima. Bibi analalamikia magoti tangu mvua zianze, lakini Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu yake, akarudi akiwasema wote waliochelewa. Baba bado yuko Mngeta anapasua mbao. Mama anashinda Mofu kwenye palizi ya mpunga na anarudi nyumbani Jumamosi. Kaka Apolinari yuko chuoni anasomea ualimu. Tangu Krismasi ametuandikia mara moja. Mimi nilimaliza darasa la nane kwa masista mwezi wa kumi na mbili. Nipo na Bibi, napika, nafua, na mtu akiniuliza nitafanya nini sasa, natazama miguu yangu.

Nilifungua kasha Bibi alipokuwa misa ya asubuhi. Nilitegemea tarumbeta la kupinda kama yale ya bendi ya misheni. Nikakuta kitu kimenyooka kama mchi mwembamba, shaba imebanduka rangi, kina vifuniko vingi kuliko vidole vyangu. Nilipopuliza mara ya kwanza ilitoka sauti ya mbuzi anayevutwa mguu, na kuku wote wakahama uani. Ladha yake ilinikaa mdomoni mpaka mchana, kama nimeng'ata senti. Uzito wote unakaa kwenye kidole gumba cha kulia, nacho sasa kimefanya alama nyekundu ambayo naificha kwa kukunja ngumi.

Nimelipuliza siku nne. Sauti za katikati zinatoka, do mpaka la. Za chini hazitoki kabisa; ninatoa hewa tu. Naogopa nimeliharibu. Ukisema nifunge kasha, nitalifunga na sitalifungua tena. Kama hutasema hivyo, basi niambie kwa nini za chini hazitoki.

Mimi mpwa wako,
Eufrasia


Shamba la Mkonge, Kimamba
8 Machi 1955

Mpwa wangu Eufrasia,

Milele amina, na marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, mbili kati ya hizo nikicheka peke yangu mpaka jirani yangu Eustaki akaja kutazama nina nini. Sijapata kuona mwizi mwenye adabu kama wewe. Mimi mzima. Nasimamia korona, ile mashine ya kukwangua mkonge. Kelele yake ni kubwa mno, hata ninapolala bado naisikia. Msalimie Bibi sana. Mwambie akande magoti kwa maji ya moto, asibishe.

Kwanza, hilo si tarumbeta. Hiyo ni saksafoni, ile ndogo ya sauti ya juu. Nilinunua kwa Mgoa mmoja Dar es Salaam, na alipoipokea pesa yangu alicheka, nikajua nimenunua ya rahisi kuliko zote. Hukuiharibu wewe. Imezaliwa hivyo. Nitakuambia tabia zake kama mtu anayekabidhi ng'ombe.

Sauti za chini hazitoki kwa sababu vile vingozi chini ya vifuniko havizibi. Chukua karatasi ya sigara, ibane chini ya kifuniko kimoja, uivute polepole. Ikiteleza bila kushikwa, hapo pana mwanya. Paka nta ya nyuki kidogo sana. Kifuniko cha mwisho chini hakina springi. Nilikifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na sasa bila shaka umeoza. Funga mwingine. Sauti za juu kabisa zinapanda kupita mahali pake, hizo huwezi kuzitengeneza kwa nta. Legeza mdomo wa chini kama unayepoza uji, zitashuka. Sauti ya re ya katikati imeziba pua. Izoee. Ni mafua yake.

Kile kipande chembamba cha mwanzi kwenye mdomo wa saksafoni tunakiita ulimi. Nilichoacha kitakuwa kimepasuka. Kata tete kavu la mtoni, nene kama kidole, ulichonge kwa wembe na kulisugua kwa jani la msasa mpaka ncha ionyeshe mwanga. Utaharibu kumi, la kumi na moja litalia.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote: usingoje pumzi iishe. Ivute ukiwa bado unayo.

Lakini sikiliza, mwanangu. Apolinari alipopata Kipaimara nilimwahidi kwamba akimaliza chuo saksafoni hiyo itakuwa yake. Mpwa wa kiume wa kwanza hurithi vitu vya mjomba, ndivyo tulivyolelewa. Atamaliza mwezi wa saba, apite nyumbani kuichukua. Hadi siku hiyo ipulize utakavyo. Mama yako asijue. Usimwulize lolote juu yangu, wala mimi usiniulize kwa nini.

Mjomba wako,
Hermenegildi


Mofu
5 Mei 1955

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilichukua wiki tano kwa sababu ya mafuriko, na nilipoipata nilikuwa nimeanza kuamini umekasirika. Nimefurahi mpaka nikaunguza maharage.

Magoti ya Bibi yamezidi, kwa hiyo mama amebaki naye Mlabani, na mimi nimekuja Mofu kuamia ndege wasile mpunga. Nalala kwa mama mdogo Scolastica, na tangu alfajiri niko juu ya dungu letu, kilingo cha miti katikati ya shamba. Mpunga umeanza kujaa maziwa. Mama huja Jumamosi kukagua. Saksafoni niliileta nimeiviringisha ndani ya mkeka, na nikiwa njiani kila aliyenisalimia nilidhani anautazama mkeka.

Nimefanya yote uliyoniandikia. Mianya ilikuwa mitano. Nta niliomba kwa Mzee Theodori wa dungu la jirani, na karatasi ya sigara pia, akaniuliza kama masista ndio waliotufundisha kuvuta. Ndimi za tete nilizoharibu ni kumi na nne, si kumi. Wa kumi na tano ulilia. Ni mzito kidogo, unataka pumzi nyingi kuanza, lakini ukishaanza haukatiki ovyo. Nyembamba zilikuwa zinapiga kelele kama mbu.

Mjomba, juzi ilitoka sauti ya chini kabisa. Sijui nikueleze vipi. Niliisikia kwenye meno kwanza, halafu tumboni, kisha nguzo za dungu zikatetemeka chini ya miguu yangu. Nikaacha kupuliza kwa hofu. Halafu nikairudia mara ishirini. Sasa nalijua kila kosa lake mkononi: kifuniko cha kidole cha tatu hukwama ikiwa na unyevu wa asubuhi, kwa hiyo naikumbatia kwanza ndani ya kanga ipate joto. Kidole gumba nimekifunga kitambaa. Ni nyepesi, kwa hiyo sichoki mikono, nachoka midomo.

Wiki ya kwanza ndege walikimbia bila kombeo wala debe. Mzee Theodori alinipigia kelele kutoka kwake: "Eufrasia! Huyo bata wako ataangua lini?" Nikaona aibu, nikainama ndani ya dungu. Akaita tena: "Endelea, binti! Nimelala usingizi, ndege wote wamehamia shambani kwa Wendelin!" Lakini sasa sauti zimeanza kunyooka, na ndege wamezizoea. Jana kweleakwelea alitua kwenye suke hatua chache kutoka kwangu, akasikiliza, akala.

Napiga wimbo wa Bibi wa kutwangia. Nauweza wote isipokuwa mwisho unapopanda juu. Napenda uje uusikie, kwa sababu barua haina sauti. Mbona wewe mwenyewe hupigi? Najua ulisema nisiulize.

Mpwa wako,
Eufrasia


Kimamba
28 Mei 1955

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa ile sauti ya chini. Mimi ilinichukua mwaka.

Mwisho wa wimbo unapopanda, usikaze koo. Fikiria sauti ile iko chini, iimbe moyoni kabla ya kuipuliza.

Apolinari ameniandikia. Atafika katikati ya Julai.

Kazi ni nyingi, siwezi kupata ruhusa. Eustaki anakusalimu.

Mjomba wako,
Hermenegildi


Mofu
19 Juni 1955

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Bibi anaendelea vizuri, sasa anatembea na fimbo na anaitumia zaidi kunyooshea watu. Tumeanza kuvuna. Barua yako ilikuwa fupi. Nimeihesabu mistari.

Nina jambo la kukuambia na naona aibu. Nilikuwa nimefika ule mwisho wa wimbo. Niliuimba moyoni kwanza kama ulivyoniandikia, nikapuliza, na ukatoka, ule wa juu kabisa, haukupanda wala kushuka. Nikaurudia nimefumba macho. Sijui ni mara ngapi. Nilipofumbua, ndege walikuwa kama moshi juu ya mpunga wetu, na mama amesimama chini ya ngazi. Ilikuwa Alhamisi, Mjomba. Alhamisi huwa haji.

"Eufrasia, shuka," akasema.

Nikashuka. Sikuwa na pa kuificha.

"Wamekula kutoka kichuguuni mpaka kwenye mfereji. Na wewe umefumba macho kama unasali."

"Nisamehe, mama."

"Sijaanza kusamehe. Nani amekufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe."

"Usinidanganye, mwanangu. Nimesimama hapa tangu mwanzo wa wimbo. Watu wote huvuta pumzi wakiishiwa. Yeye huvuta akiwa bado nayo, kama mwanamke anayeongeza maji chungu hakijakauka. Hiyo pumzi naijua. Anakuandikia?"

"Ndiyo, mama."

"Anasemaje juu yangu?"

"Amesema nisikuulize."

Akacheka, lakini hakikuwa kicheko. Akakaa kwenye ngazi ya chini, akavua kilemba, akaanza kukikunja. Tukakaa hivyo ndege wakila. Mwisho Mzee Theodori akaita, "Mama Apolinari! Mnafuga?" ndipo mama akaokota debe na kulipiga kwa hasira zote alizonazo.

Jioni tukiwa tunapepeta alinieleza. Babu alipozikwa, watu walikuwa bado kwenye matanga, siku ya nane, hawajanyoa nywele wala kuanua matanga. Wanawake wamekaa kwenye mikeka. Wakasikia dansi upande wa madukani, na ndani ya dansi wakasikia sauti yenye mafua ambayo Ifakara nzima ilikuwa moja tu. Wote walimgeukia yeye, dada yako, wakamtazama, kisha wakatazama mkeka. "Ningeweza kuvumilia kama angepiga vibaya," akasema. "Alipiga vizuri."

Hajasema nilifunge kasha. Hajasema niendelee. Nimekuwa nikiipuliza asubuhi tu, kidogo, yeye akiwa mbali, na kila nikimaliza namkuta ameacha kazi amesimama.

Ni kweli, Mjomba?

Eufrasia


Kimamba
6 Julai 1955

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba, na nashukuru Bibi ana nguvu za kunyooshea watu fimbo.

Ni kweli. Mama yako hajaongeza hata neno. Watu wengine wamenitetea kwamba nilikuwa kijana, kwamba nilishawapa wenzangu ahadi kabla Baba hajafa. Nilijua matanga ni nini. Wenzangu walikuja kunichukua na nilitaka kwenda. Baba alikuwa siku nane ardhini, na nilitaka saa mbili tu za kupiga kitu kisicho na kilio ndani yake. Nikazipata. Niliporudi, Serafina, mama yako, alinipa chakula, akanifulia shati, akalikunja. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Miaka sita sasa hajaniandikia hata mstari, na mimi ninayeandika barua za nusu ya wafanyakazi wa hapa sijaweza kumwandikia mmoja.

Ndiyo maana niliiacha kwa Bibi. Nilijiambia sitaipuliza mpaka Serafina aniambie mwenyewe. Umenifanya nisikie vidole vyangu tena, kwa hilo sijui nikushukuru au nikulaumu.

Sasa kuhusu Apolinari. Nimefikiri kutwa nzima. Moyo wangu ungependa ibaki kwako; mikono yako imeitengeneza kuliko yangu. Lakini nilimwahidi yeye, na katika nyumba ile mimi ndiye niliyevunja kilichokuwa hakivunjwi. Siwezi kuvunja na hili. Atakapofika mpe. Mpe na ndimi zako za tete, umwonyeshe pa kupaka nta. Naomba usilie mbele yake.

Mjomba wako,
Hermenegildi


Mlabani, Ifakara
31 Julai 1955

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima. Baba amerudi kutoka Mngeta. Mpunga uko ghalani, pungufu kwa kile walichokula ndege, na mama hajalitaja tena.

Kaka alifika Jumanne amevaa viatu vya ngozi, anatembea kama ardhi inamuunguza. Nilifanya ulivyosema. Nilitoa kasha, nikafungua, nikamwonyesha mwanya wa kila kifuniko, mpira wa tyubu, na ndimi nne nilizomchongea mpya. Sauti yangu ilikuwa imara. Akapuliza. Ana kifua kikubwa, sauti ikatoka mara moja, kubwa kuliko yangu, ila ile re ya katikati ikamshinda.

"Mbona hii inalia kama imebanwa mlangoni?" akauliza.

"Ina mafua," nikamwambia. "Mjomba anasema izoee."

Mama alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi.

"Apolinari, rudisha hiyo kashani."

"Mama, amenipa mjomba mwenyewe. Tangu Kipaimara."

"Amekupa? Alikuwa amesimama wapi? Mimi sikumwona. Kitu cha ndugu yangu kitatoka nyumba hii mikononi mwake. Kama anakupa wewe, aje akupe hapa uani nikimwona. Kama anampa huyu, aje vilevile. Barua sizijui."

"Na Eufrasia je? Mbona yeye anaipuliza?"

"Eufrasia anaizuia kutu."

"Kwa mdomo, mama?"

"Kwa mdomo."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Kaka akanitazama, akaona kitambaa kwenye kidole changu gumba, akairudisha kashani. Kesho yake alipoondoka alinivuta pembeni, akasema, "Mdogo wangu, mwandikie mjomba kwamba mimi nina haraka na darasa langu, sina haraka na saksafoni. Akija akisema ni yangu, nitaichukua. Akisema ni yako, nitakuja kucheza." Nimeandika kama alivyosema.

Kwa hiyo ipo, Mjomba, na haitatoka mpaka uje. Mama hatakuandikia. Usingoje. Lakini nitakuambia nililoliona jana.

Nilirudi mapema kutoka kisimani. Mlango wa chumba cha Bibi ulikuwa wazi kidogo, na mama alikuwa amekaa sakafuni, kasha liko wazi, saksafoni ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajui amshike wapi shingo. Akaiweka mdomoni, akapuliza. Mashavu yakajaa, macho yakamtoka. Ikatoka hewa tu. Hakujua kwamba ulimi naubandua kila siku na kuukausha ndani ya kitabu changu cha sala. Akapuliza tena, na tena, kwa bidii kabisa. Halafu akaishusha, akaifuta mdomo kwa upindo wa kanga, akaiambia, "We Menegi, we. Ulikuwa unaipataje?"

Sijawahi kumsikia akikuita Menegi. Nilirudi nyuma mpaka uani, nikaiangusha ndoo kwa makusudi ili ajue nimefika. Nilipoingia alikuwa anafagia mahali pasipo na taka.

Mvua bado ziko mbali na barabara ni kavu. Njoo. Ukifika sema umekuja kumaliza jambo la Apolinari, mama atakukubalia hivyo. Lakini haya ya chumbani usiyataje, Mjomba, hata mkipatana, hata mkiwa wazee. Hakujua kwamba kuna mtu mlangoni. Barua hii ichane ukishaisoma, na nilichokuambia kikae kwako peke yako.

Mimi mpwa wako,
Eufrasia